Vibao vya Baba

Baba alikuwa mchoraji wa mabango, na mchoraji wa mabango akikosa kazi ni mtu wa hatari nyumbani. Mwezi ule, wenye maduka walikuwa kimya, basi akatugeukia sisi. Alikata boksi la sabuni vipandevipande, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaandika majina ya Kiingereza kwa herufi zile zile nene alizoandikia mabucha na vinyozi. Kisha akavifunga vibao hivyo kwa uzi kwenye kila kitu kilichokubali kutulia. Kiti kikawa "chair", meza ikawa "table". Paka wa jirani alisalimika kwa sababu ya mbio tu.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mdogo wangu. Alitakiwa kusailiwa ili aingie darasa la kwanza katika shule iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Pale mwalimu anainua picha, mtoto anaitaja kwa Kiingereza. Akikwama, anarudishwa kwa mama yake na anaitwa anayefuata. Baba aliandika Kiingereza cha watu maisha yake yote bila kuelewa hata nusu yake, akaapa kwamba huyu wa mwisho atakijua kabla hajang'oka meno ya utoto. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Kwa Baba nilikuwa bango lililokwisha kukauka.

Sheria ya nyumba ikawa moja: mtu akigusa kitu, asubiri mtoto akitaje. Nilimwona Baba mwenyewe ameshikilia kikombe mbele ya midomo, koo limemkauka, huku mdogo wangu analitafuta neno darini. Alipolipata, "Cup," Baba akanywa ile chai iliyopoa kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikambandika mdogo wangu jina la Kasuku, likamganda. Ikafika mahali hawezi kulala mpaka aseme "bed". Mama, ambaye ni fundi cherehani, alilalamika kwamba mteja hajakaa sawasawa, sauti inatoka chini ya meza, "Chair," mteja anaruka. Lakini alilalamika huku anacheka. Cherehani yake, ile ndogo ya mkono, Baba aliiandikia "machine" kwa rangi nyekundu, kwa heshima. Mama naye alivishwa kibao cha "mother" shingoni, akashona nacho asubuhi nzima.

Halafu Baba akaanguka kutoka kwenye ngazi akichora bango la duka la dawa. Brashi zake zilifika nyumbani kabla ya habari kamili. Tulimzika akiwa bado na rangi kwenye kucha.

Kaka yake, Baba Mkubwa, ndiye aliyesimamia msiba, na alilia kutupita wote. Wageni walipotawanyika, akarudi na pikapu na vijana wawili wenye mabega. Alisema mali ya marehemu inarudi kwenye ukoo na kwamba hapendi ugomvi. Mama akamuuliza taratibu atajuaje kipi cha marehemu na kipi chake yeye. Baba Mkubwa akazungusha macho chumbani, akaviona vibao vinaning'inia. Akasema chenye mwandiko wa ndugu yake ni cha ndugu yake. Nadhani hata yeye alishangaa jinsi kazi ilivyorahisishwa.

Walipotoka na kabati, Mama akanitazama. Mimi nilikata uzi wa kile kibao chekundu nikakitia kifuani, yeye akaitumbukiza cherehani ndani ya beseni na kuifunika kwa nguo za wateja.

Kasuku alikuwa amesimama mlangoni. Watu walikuwa wanagusa vitu, na sheria ni sheria.

"Table," akasema, meza ikapita. "Chair." Kiti nacho kikapita.

Wale vijana wakaona ni mchezo mtamu. Mmoja akawa hanyanyui kitu mpaka kitajwe. Nilimvuta Kasuku mkono, nikamwambia anyamaze, akanishangaa. Wageni wanashika vitu vya Baba, naye dada mtu anamzuia kufanya kazi yake. Kitanda kilipotoka kwa ubavu akakitaja kwa sauti ya juu zaidi, asije akasikika vibaya huko aliko huyo aliyemfundisha.

Chumba kikabaki na mwangwi. Baba Mkubwa, amechoka, hana pa kukaa, akaegemeza mkono juu ya beseni.

"Machine," akasema Kasuku.

Hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Baba Mkubwa akaanza kufunua nguo moja baada ya nyingine, akizikunja vizuri pembeni. Ni mtu mstaarabu.

"Haina kibao, shemeji," Mama akasema. "Hiyo ndiyo inayotulisha."

"Si huyu hapa kibao chake?" akajibu, akimpapasa Kasuku kichwani.

Pikapu ilipokata kona na cherehani juu yake, Kasuku alizunguka chumba kitupu, akipita mahali pa kila kitu. Kisha akanijia.

"Dada, kila nilichokitaja wamekichukua?"



Mama akaamua kwenye usaili tutakwenda hivyo hivyo. Alisema ile nafasi ya shule ndiyo kitu pekee cha Baba ambacho hakikuingia kwenye pikapu. Akaazima pasi kwa jirani, akamnyooshea Kasuku hata mikunjo ya soksi.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Akainua picha ya kikombe. Kasuku akaitazama, kisha akatazama dirishani, kwenye gari lililoegeshwa uani. Akafumba mdomo. Ikaja meza. Ikaja kitanda. Nikawa nabana meno kana kwamba maneno yatapenya kutoka kwangu kwenda kwake.

Mwalimu akaacha Kiingereza, akamuuliza kama hii anaijua. Akaitikia kwa kichwa. Basi aitaje. Akakataa kwa kichwa.

Mwalimu akatuonea huruma, nikamwona. Akapekua picha zake, akatoa ile ambayo hakuna mtoto anayeikosa: mwanamke amebeba mtoto, anatabasamu.

Kasuku akashuka kitini. Akaja mpaka kwa Mama, akampandia mapajani, akavuta ule mtandio wake na kumfunika nao uso wote, kama sisi tulivyoifunika ile cherehani.

"Huyu ni nani, mwanangu?" mwalimu akauliza, picha bado iko juu.

Kasuku alilitazama lile gari la uani.

"Simjui," akasema.

Chini ya mtandio Mama hakujitikisa. Mwalimu akaandika kitu, akamwita anayefuata.