Sakafu ya Mzee Mpawenimana

Mzee Mpawenimana, mkimbizi wa miaka mingi, alipopata uraia hakununua suti wala redio. Aliweka sakafu ya mninga kwenye sebule yake hapo Kasulu, ubao kwa ubao, akasema miguu yake imekanyaga udongo wa watu vya kutosha. Sasa mzee hayupo, nyumba inapangishwa, na sakafu imekuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

"Tutandike kapeti la plastiki, yaishe," alisema Moses, kitindamimba, aliyekuja kutoka Kibondo na mdomo wake. "Abdulrahmani ni mtu wa duka, anataka pa kuweka kochi. Hapangi kaburi la baba."

"Kapeti kaweke kwako," dada yake Claudine akamjibu. "Hii napiga msasa. Mpangaji mwenyewe kasema mbao zikitakata anazichukua hivyo hivyo."

"Ego, ndiyo, dada. Takatisha."

Akatakatisha. Magoti yalichubuka, vumbi likamtia mvi, na mninga ukajitokeza mwekundu, mistari yake kama maji yanayokwenda. Claudine akakaa chini akalia kidogo. Halafu akakumbuka mipini ya majembe: baba hakuipaka kitu ila mawese, nayo iling'aa miaka. Akaleta dumu la mawese kutoka jikoni, akapaka sebule nzima. Moses alisimama mlangoni anatafuna muwa, anatabasamu tu.

Lakini mpini unashikwa kila siku, mikono inayanywa mafuta. Sakafu nani ataishika? Asubuhi mawese yalikuwa yanang'ang'ania nyayo. Vumbi la barabarani likaganda. Sisimizi wakaja ukoo mzima, na kuku wa jirani nyuma yao. Claudine alirudia msasa, ukajaa mafuta hapo hapo, ukawa unateleza tu.

Abdulrahmani alifika, akavua kiatu, akakanyaga, akakivaa tena.

"Mama, hapa mnapangisha au mnakaanga? Kesho nahamia. Tieni kapeti, la sivyo natafuta kwingine."

Moses akacheka mpaka akashika ukuta. Mwaka mzima alikuwa amefanya kazi kwa seremala kule Kibondo.

"Ulijua hayakauki," Claudine akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungebaki na mbao zako."

Kapeti lililetwa mchana huo, la maua ya bluu. Moses akashika pembe moja. Pembe ya pili haikuwa na mtu. Claudine aliitazama, akainama, akaishika.

"Vuta, dada."

Akavuta.