Kidoko Kwenye Chupa za Kurwa

Doto hakufa. Kwa mama yake, Bibi Chausiku, neno hilo halikutamkwa. Pacha akiondoka duniani, watu wa ukoo wao husema amekwenda kuchuma mboga, na pacha aliyebaki hukatazwa kulia kwa sauti, asije akamfanya mwenzake ageuke njiani. Basi Doto aliposhikwa na malaria kule Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu, akarudishwa Karatu juu ya lori akiwa amefunikwa shuka, sisi majirani tulielekezwa namna ya kutoa pole. Nilimshika mkono Kurwa, pacha wake, nikamwambia, "Tumesikia mwenzio kaenda kuchuma mboga."

"Ndiyo, Baba Lusia," akanijibu. "Kaenda." Macho yake yalikuwa makavu.

Walifanana kiasi kwamba mimi, niliyeishi nao ua kwa ua, niliwatofautisha kwa jambo moja tu. Doto alipiga kidoko kabla ya kusema. Ulimi uligonga kaakaa, tak, ndipo maneno yakafuata. Hata salamu zake zilianza hivyo.

Nyumba zetu zilikuwa za mwisho kabla ya msitu wa Ngorongoro. Kuanzia mwezi wa sita ukungu hutoka msituni ukakaa mchana kutwa, na kengele za ng'ombe husikika muda mrefu kabla ng'ombe wenyewe hawajaonekana. Lakini udongo ni mzuri. Mwaka uliofuata, yaani themanini na mbili, nyanya zilizaa mpaka mashina yakalala chini. Madukani hakukuwa na sukari wala sabuni, na huku nyanya zikituozea shambani. Mke wangu Antonia na Kurwa wakaenda kujifunza kwa sista mmoja wa misheni jinsi ya kuhifadhi nyanya kwenye chupa za mdomo mpana, zenye vifuniko vya bati.

Niliwaangalia siku ya kwanza walipofanya kazi hiyo jikoni kwetu, maana mimi hupenda kujua kila jambo jipya. Walichagua nyanya zilizoiva bila doa, wakazitumbukiza kwenye maji ya moto wakazimenya, wakazichemsha. Chupa nazo zilichemshwa. Kabla ya kujaza, Antonia alikamulia limau katika kila chupa.

"Nyanya ni chachu tayari," nikasema. "Limau la nini tena?"

"Sista amesema si la ladha," Antonia akajibu. "Ni askari wa chupa. Usipomweka, kinachoingia humo hakionekani wala hakinuki."

Wakafunga vifuniko, wakazipanga chupa kwenye sufuria kubwa, maji yakazifunika, wakazichemsha kwa muda waliofundishwa, kisha wakaziweka mezani zipoe. Tulikuwa tumekaa kimya tukinywa uji, mara moja ya zile chupa ikalia: tak.

Kurwa akaangusha kikombe.

"Ni kifuniko," Antonia akamwambia upesi. "Chupa ikipoa inavuta bati ndani. Tazama, limebonyea. Ndiyo dalili kwamba imefunga vizuri."

"Najua," alisema Kurwa. "Sista alituambia." Lakini nyingine ilipolia, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesubiri maneno yafuate.

Baada ya hapo Kurwa alihifadhi za kwake mwenyewe, nyumbani kwake, akazipanga ghalani nyuma ya jiko. Mumewe, Msafiri, alikuwa dereva wa lori la vitunguu, na mama yake Kurwa, huyo Bibi Chausiku, aliishi nao. Bibi alizisifu zile nyanya kwa kila aliyepita. "Za mwanangu hazichomi kifua," alimwambia mke wangu. "Si zako wewe Mama Lusia, ukila unalia kiungulia mpaka kesho."

"Basi usije kwangu kuomba chumvi," Antonia akamjibu, wakacheka.

Nyanya za shambani zikaisha, baridi ikaja, na ukungu. Asubuhi moja Kurwa alikuja kwetu akiwa amejifunika kanga hadi kichwani. Hakukaa.

"Zimeanza tena," akasema.

"Nini kimeanza?"

"Chupa. Zilikuwa zimenyamaza tangu siku zile nilipozifunga. Jana nikiwa jikoni nimesikia moja ghalani. Leo nyingine. Kidoko kilekile, Baba Lusia. Mama amekisikia pia. Amesema, 'Mwenzio amerudi na mboga zake, mfungulie.'"

Nilimwambia kwamba bati hucheza kwa baridi. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka aende nyumbani akiwa na amani, ila sikuwa na hakika. Chupa zetu zilikuwa kimya.

Siku ya pili yake Msafiri akanipigia hodi kabla ya saa sita mchana. Ukungu ulikuwa mzito hata lori lake sikuliona, nilisikia tu injini ikinguruma barabarani.

"Njoo, ngumbaru," alisema. Alizoea kuniita hivyo kwa sababu nilisoma shule ya jioni ya watu wazima nikiwa tayari baba wa watoto. Safari hii hakuwa akitania. "Njoo umwone mama mkwe. Anaongea na Doto."

Bibi Chausiku alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Kope zake zilikuwa zimeshuka kama mtu anayepigana na usingizi, na maneno yalitoka mazito, kama mwenye donge la ugali mdomoni. Nilimgusa paji la uso. Hakuwa na homa. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alinijua, akaniuliza habari za Lusia.

Kisha Kurwa akaingia na kikombe cha chai, na uso wa yule mama ukang'aa.

"Karibuni wanangu," alisema. "Mbona mmesimama mlangoni? Doto, mpishe mwenzio apite."

Kurwa akasimama palepale. Aligeuka polepole kutazama pembeni yake. Palikuwa na ukungu tu, ukiingia kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Yuko wapi, Mama?"

"Si huyo, bega kwa bega na wewe. Gauni lenu lilelile. Na yeye kashika chai."

Msafiri alitoka nje. Nilimsikia akitema mate chini. Mimi nami nilitaka kumfuata, nakiri, lakini kuna neno lilinikaa: *na yeye kashika chai*. Aliyekwenda kuchuma mboga anarudi vipi na kikombe kilekile cha enameli alichoshika Kurwa?

Nikaenda kusimama mlangoni kando ya Kurwa.

"Bibi," nikasema, "na mimi je? Unaniona?"

"Nakuona, Baba Lusia."

"Niko peke yangu?"

Akanitazama sana, akijitahidi kuinua kope. "Una mwenzio," alisema hatimaye, naye akashangaa. "Sikujua kama na wewe ni pacha."

Mimi sina pacha. Nilichukua kibatari nikakiinua. Viwili, akasema. Nikamwomba afunike jicho moja kwa kiganja. Akafunika, na papo hapo akatoa sauti ndogo ya uchungu, akaondoa mkono.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema. "Nikifumba jicho moja Doto anaondoka. Niache nimtazame mwanangu."

"Bibi amekula nini?" nikamuuliza Kurwa.

"Alichokula jana sisi sote tumekula. Ugali na nyanya."

"Nyanya za chupa?"

"Ndiyo. Sisi zetu nilizipika na vitunguu, zikachemka sana. Mama hakusubiri, alijimiminia zikiwa za baridi kutoka chupani. Anazipenda hivyo."

"Ulizikamulia limau?"

"Kila chupa, kama tulivyofundishwa." Halafu, kwa sauti ya chini, kana kwamba si jambo la maana: "Na magadi kidogo."

"Magadi?"

"Nyanya zinamchoma Mama kifua. Msafiri huniletea magadi kutoka kando ya ziwa Eyasi, ya maharage. Nikatia kidogo kila chupa ili kuondoa ule ukali. Kila mtu hufanya hivyo jikoni, Baba Lusia. Mkeo pia."

Ni kweli. Kwenye chakula cha kuliwa mchana huo huo, kila mtu hufanya hivyo, na hakuna anayedhurika. Lakini nilikumbuka jioni moja katika darasa letu, mwalimu alipoweka maji ya limau kwenye glasi, akadondoshea magadi. Povu lilipanda likamwagika mezani. Kisha akatupa tuonje. Ukali wa limau ulikuwa umekwisha, na hata magadi hayakuwa magadi tena. Vimeuana, alisema mwalimu. Kurwa alikuwa ameweka askari kwenye kila chupa, halafu kwa kumpenda mama yake akamuua kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango.

Niliwaeleza yote hayo. Nilieleza vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Nilisema, kama nilivyosoma katika kitabu kimoja, kwamba zile chupa zimeingiwa na sumu isiyo na harufu, kwamba sumu hiyo hulegeza macho yakaona vitu viwili viwili, kisha hulegeza ulimi, kisha koo, na mwisho kifua kinachovuta pumzi. Nilisema vile vidoko ghalani ni hewa inayozaliwa humo ndani na kusukuma bati juu. Doto hayupo. Bibi apelekwe hospitali sasa hivi.

Msafiri akakimbilia lori. Nikainama kumfunga Bibi blanketi. Nilipoinuka, Kurwa hakuwepo chumbani.

Nilimkuta ghalani. Chupa zilipangwa kwenye rafu, nyekundu, safi, za kupendeza macho, na vifuniko vya baadhi yake vilikuwa vimevimba kama tumbo la chura. Kurwa alikuwa amefungua moja. Kijiko kilikuwa mkononi, kimejaa.

"Kurwa. Weka chini."

"Umesema mwenyewe," akajibu. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililoniogofya. "Umesema anayekula anaona wawili. Mimi nikila, nikasimama mbele ya kioo, nitamwona amesimama kando yangu. Kwa siku moja tu."

"Utakufa."

"Kwetu hatufi. Tunakwenda kuchuma mboga."

Nyuma yake, kwenye rafu, chupa ikalia: tak. Kurwa akainamisha kichwa upande, akasubiri. Nilitaka kumrukia, lakini kijiko kilikuwa karibu zaidi na mdomo wake kuliko na mkono wangu. Nikafanya jambo moja nililoweza. Nikapaza sauti: "Bibi Chausiku! Mwanao anataka kula nyanya za chupa amfuate Doto!"

Ukuta kati ya ghala na chumba ulikuwa wa miti na udongo, kila kitu kilisikika. Kisha tukasikia miguu ikiburuzwa, mkono ukipapasa ukuta. Yule mama akatokea mlangoni, amejishikilia kwenye mhimili, kope zimeshuka hata ikabidi ainue kidevu ili aone. Alimtazama binti yake. Najua alikuwa akiwaona wote wawili, kwa sababu macho yake yalikwenda kwa mmoja, kisha kwa mwingine, yakarudi. Alikaa nao hivyo kidogo.

Halafu akainua mkono wake mwenyewe, akafunika jicho moja.

"Mmoja," alisema. Ulimi ulikuwa mzito lakini neno lilitoka. "Doto kaenda zake. Nakuona wewe. Weka hicho kijiko, mwanangu, nimekuona wewe."

Kurwa alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sauti, jambo alilokatazwa. Kijiko kilianguka. Mama yake hakuondoa kiganja jichoni hata tulipomnyanyua, wala njiani kwenye lori, tukipanda mlima wa kreta ya Ngorongoro katikati ya ukungu mpaka hospitali ya misheni. Alikataa kukiondoa hadi mkono wenyewe ulipokosa nguvu.

Chupa nilizishughulikia mimi na Antonia. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, hatukuonja wala kunusa, tukazichemsha kwa muda mrefu kwenye pipa uani, tukazifukia kwenye shimo refu mbali na kisima. Chupa zetu za limau tulizila hadi mvua, na hatukudhurika.

Bibi Chausiku alikaa hospitali siku chache. Kope zilifunga kabisa, sauti ikaisha, ila muuguzi alisema anasikia kila kitu. Kurwa alikaa naye, akimshika mkono. Walikubaliana alama: kubinya kidole mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alimuuliza kama ana kiu, kama ana maumivu, kama amemsamehe yale magadi. Kwa hilo la mwisho alibinya mara moja, kwa nguvu.

Baada ya mazishi ya mama yake, Kurwa alikuja kwetu. Alikaa jikoni, akaniangalia kama anayetaka kunipima.

"Asubuhi ile ya mwisho," alisema, "nilimuuliza swali moja, Baba Lusia. Nilimuuliza, 'Mama, niko peke yangu hapa?' Akabinya mara mbili."

"Labda alimhesabu muuguzi."

"Muuguzi alikuwa ametoka."

"Labda ni misuli tu. Ile sumu..."

"Ulisema ni macho," alisema Kurwa. "Na ukifunika jicho moja, wa pili anaondoka. Mama alikuwa amefumba yote mawili."

Antonia alimmiminia chai, akaweka kikombe mbele yake. Kurwa alikitazama kidogo, kisha akaomba kingine, cha kuweka kando yake.