Abiria wa Safu ya Mwisho

"Usikae mbali nami, mama. Nikikuita nakuita mara moja tu," karani wa mlangoni alimwambia, huku mkono wake unapokea pasi ya abiria mwingine na mdomo unamtakia safari njema.

Mama Kitambaa akarudi nyuma hatua tatu, akaegemea ukuta. Viatu vilimbana. Havikuwa vyake. Vilikuwa vya msimamizi wao wa usafi, mwanamke ambaye kwa miaka yote hajawahi kumsifu mtu, ambaye asubuhi ile alimtazama miguuni akasema, "Huwezi kwenda kumwona mtoto na ndala," akavua viatu vyake palepale, akazivaa zile ndala, akaondoka akifoka kwamba ndoo zimeachwa njiani.

Tiketi aliyokuwa nayo ilikuwa ile wanayopewa wafanyakazi wa uwanja: unaondoka ikibaki nafasi, isipobaki unarudi kazini. Na ndege ilikuwa ndogo, ya viti hamsini. Hilo hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amevifuta viti hivyo miaka kumi na saba, kitambaa amekitupia begani hata saa ya chai, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atalifuta kwanza lango la peponi ndipo aingie.

Siku tatu nyuma mkamwana wake alimpigia simu kutoka mji wa pili. Mwanawe, kifungua mimba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa. "Ameumia mguu tu, mama, usihangaike." Alfajiri ya leo simu ikalia tena.

"Mama, siyo mguu."

"Ni nini?"

"Ni ndani. Nilikuficha, nisamehe. Daktari anasema tukuite leo, tusingoje kesho. Kila akizinduka anakuuliza. Anasema, mama kafika?"

Kwa basi ilikuwa safari ya kutwa nzima mpaka usiku. Kwa ndege, dakika hamsini.

Abiria waliingia mmoja mmoja, na kila aliyepita alimpunguzia pumzi. Karani aliita jina la mtu ambaye hajatokea. Akaliita mara ya pili. Mara ya tatu aliliita kwa sauti ndogo, kama anayeogopa lisije likaitikiwa. Kisha akageuka.

"Mama Kitambaa!"

Alikuwa ameshaipokea pasi aliposikia vishindo vya mtu anayekimbia. Kijana wa shati jeupe, begi linamgonga mgongoni. "Nimefika! Nimefika, kaka!"

"Tumefunga," karani akasema.

"Bado dakika mbili! Tazama saa ile!"

Saa ya ukutani ilisema kweli, zilibaki dakika mbili. Karani hakuitazama. "Saa yangu imefunga, ndugu yangu. Ipo ndege ya jioni, nitakuweka wa kwanza." Kisha bila kumgeukia Mama Kitambaa akamwambia kwa chini, "Nenda, mama. Usiangalie nyuma."

Mlangoni mwa ndege mhudumu, binti mrefu mwenye mwanya, alipiga makofi. "Mama Kitambaa! Leo unaingia kwa mlango wa heshima? Nani kakuruhusu?" Maana wafagiaji huingia kwa mlango mdogo wa nyuma, na ndoo zao. Halafu akauona uso wake, mikono ikashuka. "Kuna nini?"

"Mwanangu mkubwa."

Binti alimshika kiwiko, akampeleka taratibu mpaka safu ya mwisho, ya kumi na tatu, kiti cha dirishani, kile kisicholala nyuma kwa sababu kinapakana na choo. Akamfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, kama anavyofungwa mtoto.

Ajabu ilikuwa jinsi alivyokuwa hakijui kiti kile. Alijua kwamba meza yake ya kukunja ina mkwaruzo kama herufi. Alijua kwamba kwenye ufa wa pembeni huwa panaingia vipande vya biskuti visivyotoka mpaka uvichokoe kwa kijiti. Lakini kiti alikijua akiwa amepiga magoti. Hakujua kwamba ukikikalia, dirisha linakuja sawa na macho.

Akachungulia. Chini, karibu na gari la taka, walisimama wenzake watatu wakipunga vitambaa. Hawakujua yuko dirisha lipi, basi walilipungia kila dirisha kwa zamu, kuanzia la mbele mpaka la nyuma, na walipofika la mwisho, lake, ndege ikaanza kusogea.

Kando yake alikaa bwana mnene, suti imemkaba, vidole vimeng'ang'ania mkono wa kiti mpaka vimepauka. Ndege iliponguruma ikaruka, alifumba macho akawa ananong'ona dua.

"Vumilia, mwanangu," Mama Kitambaa akamwambia. "Mlio huo ni wa magurudumu, yanakunjwa. Na huo mwingine ni kabati la juu, la safu ya tisa. Kufuli yake imelegea tangu mwaka jana."

Bwana akafumbua jicho moja. "Mama, wewe umezoea sana kupanda."

"Nimepanda kila siku, miaka kumi na saba."

"Mungu wangu! Na huogopi?"

"Sijui bado. Leo ndiyo mara ya kwanza inaondoka na mimi nimo ndani."

Bwana alicheka bila kutaka, na kicheko kikamlegeza vidole. Akajieleza: anauza pampu za maji, kampuni humtuma huku na huko, na kila mara anamwandikia mkewe barua ya wosia anayoirarua akifika. "Mke wangu anasema nimemchosha. Anasema siku moja ataitaka hiyo barua, aone nimemwachia nini zaidi ya pampu." Halafu akauliza, kwa heshima, "Na wewe mama, unakwenda kutembea?"

Mama Kitambaa alitazama mawingu. Alikumbuka mwanawe alivyokuwa akimtania kila likizo: "Mama, sakafu ya ndege unaijua kuliko rubani. Siku moja nitakukatia tiketi, ukae kama watu." Na yeye alimjibu, kila likizo, "Kuna haraka gani?"

"Nakwenda kumwahi mwanangu," akasema.

Akamweleza yote. Bwana wa pampu hakumwambia pole. Aliuweka mkono wake mzito juu ya mkono wake, akauacha pale, na tangu hapo akasahau kuogopa.

Mhudumu alipopita na vinywaji alimwekea maji ya matunda bilauri mbili badala ya moja, na leso za karatasi nyingi. Alipokunywa funda la kwanza sauti ya rubani ikasikika. Mvua kubwa ilikuwa imesimama juu ya uwanja wa mji ule. Wangezunguka kidogo mpaka ipite.

Kidogo! Mama Kitambaa aliinamia dirisha. Mto ukapita chini, wenye kona kama kiwiko cha mtu. Baada ya muda mto ukapita tena, uleule, kiwiko kilekile. Ulipopita mara ya tatu alikuwa amezikunja leso zote zikawa pembe nne, pembe nne, zimepangwa juu ya goti.

"Mama, nisikilize," bwana wa pampu akasema. "Mimi sina mzigo. Tukitua tu, nitatoka mbio, watu wakasirike wasikasirike, nikukamatie teksi. Wewe uje nyuma yangu. Usingoje mtu."

"Sitangoja."

"Hospitali haiko mbali. Robo saa."

"Sitangoja, mwanangu. Mungu akuweke."

Walitua kwenye maji yaliyoruka pande zote mbili kama mbawa. Ndege haijasimama vizuri bwana alishainuka, tumbo mbele, "Samahani, samahani, kuna dharura, samahani," akapenya mpaka mlango wa mbele, wa pekee uliofunguliwa. Nyuma yake njia ikajaa. Watu wote waliinuka kwa pamoja, wakashusha mabegi, wakasimama wamebanana. Mama Kitambaa alifungua mkanda, akainuka, akaona hakuna pa kupita. Basi akangoja nafasi itokee.

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo baadaye hakuweza kumsimulia mtu.

Abiria walishuka, wa mwisho mama mwenye mtoto mgongoni, na ndege ikabaki tupu. Ule utupu aliujua. Miaka kumi na saba alikuwa amengoja utupu ule, harufu ile ya pumzi za watu na kahawa iliyomwagika, na kila mara ulipofika mwili wake ulipewa amri moja. Hakuamua. Mkono uliushika mkanda wa kiti chake, ukaulaza, ukaupitisha juu ya mwenzake. Ukaenda cha pili. Gazeti lilikuwa sakafuni, akaliokota. Safu ya kumi na mbili. Vikombe akaviingiza kimoja ndani ya kingine. Safu ya kumi na moja. Mifuko ya viti, mikanda, makombo. Mvua ilipiga paa la ndege na ndani mlikuwa na joto na kimya, na katika kimya kile simu yake ilikuwa bado imezimwa, na hakuna habari yoyote iliyoweza kumfikia, na mahali fulani kijana wake alikuwa bado anauliza, mama kafika?

Mhudumu alikuwa chini ya ngazi akiwashikia wazee mwavuli. Aliporudi alimkuta safu ya tano, amepiga magoti.

"Mama! Unafanya nini hapa? Nilijua umeshakwenda!"

Mama Kitambaa aliinua kiganja. Kulikuwa na soksi ndogo ya mtoto mchanga. "Itatafutwa hii," akasema. "Namalizia tu."

Kisha akaitazama soksi. Akaitazama mikono yake yote miwili. Binti akamwona jinsi uso wake ulivyovunjika, akaangusha mwavuli, akamshika kwapani, akamwinua.

Walikimbia kwenye mvua, kiatu kimoja cha msimamizi kikabaki kwenye dimbwi, binti akakirudia. Nje ya jengo bwana wa pampu alikuwa ameushikilia mlango wa teksi kwa mikono miwili, suti imelowa tepetepe, anagombana na dereva na foleni nzima ya watu waliotaka gari lile.

"Mama, nilidhani umepotea!"

"Nilikuwa nafagia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bwana alimwingiza garini, akafunga mlango taratibu, akaligonga paa mara mbili. "Mwahishe, tafadhali," akamwambia dereva, na dereva, aliyekuwa ananuna, akaacha kununa.

Mkamwana wake alikuwa mwisho wa ujia wa hospitali, amesimama peke yake chini ya taa. Hakuja kumpokea. Alisimama tu, na Mama Kitambaa alipomwona amesimama vile, miguu haina pa kwenda, akapunguza mwendo. Hapakuwa tena na cha kukiwahi.

"Mama." Midomo ya mkamwana ilikuwa imepasuka kwa kung'atwa na meno. "Alituacha asubuhi."

"Asubuhi?"

"Mapema, mama. Ulikuwa hujapanda ndege bado. Sikutaka uyasikie kwenye simu, uko peke yako na watu usiowajua." "Hata ungekuwa na mabawa usingemkuta. Alilala tu. Hakuuliza tena."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni, mwanamke wa makamo mwenye karatasi mkononi, alimtazama mkamwana, akamtazama mama. Taratibu akaigeuza ile karatasi, maandishi yakaangalia chini. Akasogea kando kuwapisha.

Ndani dirisha lilikuwa wazi nusu na mvua ilikuwa imeanza kukatika. Kijana wake alilala chali, shuka mpaka kifuani, kwenye vidole makovu madogo madogo ya cheche. Alikuwa amechanwa nywele. Mtu alikuwa ameona vema amchane nywele.

Mama Kitambaa aliketi ukingoni mwa kitanda. Akapenyeza mkono chini ya shingo yake, pale alipokuwa akimshika alipokuwa mchanga, kichwa hakijakaza, akimwogesha. Mkono ukatulia.

Palikuwa na joto. Si joto la asubuhi. Ni la mtu aliyeondoka kitini sasa hivi, unapita nyuma yake unagusa, unajua hajafika hata mlangoni.

Aliinua macho. Upande wa pili wa kitanda mkamwana alikuwa akimtazama mkono ule, hapumui. Siku tatu hajalala, nguo ni zile zile, mume wake yuko kitandani pale, na bado alikuwa ametafuta mahali fulani ndani yake nguvu za kuutunga uongo ule, akaubeba mpaka mwisho wa ujia ili mkwewe asije akaishi akihesabu dakika.

"Haya, mwanangu," Mama Kitambaa akasema. "Asubuhi."

"Mama…"

"Umefanya vizuri kutonipigia. Njoo ukae. Umesimama mno."

Mkamwana alikaa, akakilaza kichwa kwenye shuka, mabega yakaanza kumtikisika bila sauti. Mama Kitambaa alimfikia kwa mkono wa kushoto, akamshika kisogoni. Ule wa kulia hakuutoa. Aliuacha palepale chini ya shingo ya mwanawe, ukapata ganzi, mvua ikaisha, watu wakapita na kurudi ujiani, mpaka ikawa haiwezekani tena kujua joto lile lilikuwa la nani.