Penseli Kwenye Droo ya Cherehani

Krr, krr, krr, kisha tok.

Ilikuwa penseli. Bibi Cherehani alikuwa amevuta droo alfajiri, kabla hakujapambazuka, akitafuta bobini ya uzi, na kile kipande cha penseli kikabingirika toka mwisho huu hadi mwisho ule. Aliwasha taa akakitazama. Kilikuwa na alama za meno huku juu. Meno ya mjukuu wake, binti wa miaka kumi na tatu ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Nyumba sasa ilikuwa kimya kama sanduku tupu.

Muhula uliopita mguu wa Bibi Cherehani ulivimba, daktari akamkataza kukanyaga pedali. Chiriku, ambaye alilelewa naye tangu anatambaa, akapelekwa kwa bibi mzaa mama, mtaa wa pili. Wiki mbili tu, walisema. Wiki mbili zikawa muhula. Kisha matokeo yakatoka. Chiriku, aliyekuwa wa thelathini na moja, akawa wa sita.

"Mama, mtoto abaki kule mpaka mtihani wa mwisho upite," mwanawe, baba yake Chiriku, alimwambia, macho chini. "Naona kule kunamfaa."

Kunamfaa. Kule kuna nini? Hapa Chiriku alikuwa na meza yake, kiti chenye mto, taa nyeupe iliyomulika hadi uvunguni, maziwa kabla ya kulala. Na bibi wa kule, ambaye kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, shule aliisikia kwa majirani. Bibi Cherehani mwenyewe alisoma hadi darasa la saba, na hesabu za vitambaa alizipiga kichwani mteja angali anavua kiatu mlangoni. Mtu akikuzidi kwa kitu alicho nacho, unavumilia. Lakini akuzidi kwa kitu asicho nacho?

Alimaliza kushona sketi mpya ya shule, akaikunja. Hicho ndicho kilikuwa kisingizio chake. Nia hasa ilikuwa kwenda kuona kasoro kwa macho yake, arudi amwambie mwanawe, na mtoto arudi nyumbani. Penseli akaitia mfukoni.

Alifika alasiri, shule zikiwa zimetoka. Bibi Pasi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akamsogezea kigoda cha kuwekea mguu kabla hata hajauliza mguu unaendeleaje. Hilo nalo lilimuudhi. Adui akiwa mkarimu kazi inakuwa ngumu.

"Mke mwenzangu," Bibi Cherehani alimwita mjukuu wake, kwa utani wao wa siku zote. "Naona umenenepa kwenye ndoa yako mpya."

"Wewe ndiye mke mkubwa, bibi," Chiriku alijibu, akamkumbatia kwa nguvu hadi ile sketi mpya ikamponyoka mkononi.

Meza ya kusomea hakuna. Bibi Cherehani aliliona hilo upesi, akaliweka akiba. Daftari lilikuwa kwenye kona ya meza ya kupigia pasi, na mtoto amesimama. Taa yenyewe manjano, kama imeugua.

"Haya, nisomee," alisema Bibi Pasi, akinyunyizia shuka maji.

Chiriku akasoma. Fundi ana kitambaa cha mita nane na nusu. Sketi moja inakula mita moja na robo tatu. Atapata sketi ngapi, na kitabaki kiasi gani?

Nne, inabaki mita moja na nusu. Jibu lilimfika Bibi Cherehani ulimini kabla swali halijaisha. Hii ilikuwa kazi yake, mkate wake. Alifungua mdomo.

"Tano," alisema Chiriku.

"Tano," Bibi Pasi alirudia, pasi ikitembea. "Mimi sijui. Nieleze hiyo tano imepatikanaje. Polepole, kichwa changu kizito."

Chiriku akaanza kueleza, akipima kwa viganja juu ya shuka. Moja, mbili, tatu. Alipofika ya tano, sauti ikapungua. "Ngoja. Hii ya tano itapungukiwa robo mita."

"Kwa hiyo mwenyewe atavaa nini?"

"Atavaa sketi fupi, bibi."

"Na mwalimu atamrudisha nyumbani."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilimchoma Bibi Cherehani kuliko pasi. Chiriku akapiga mstari juu ya hesabu yote, akaanza upya toka juu. Ilimchukua muda mrefu. Bibi Cherehani alikalia mikono yake. Alipata mateso ambayo hata mguu haukuwahi kumpa.

Ndipo akakumbuka, na hakutaka kukumbuka. Kule kwake, Chiriku alipopiga miayo mbele ya hesabu, yeye alikuwa akisema, "Lete hapa, baba yako asije akanilaumu nimekuchosha. Wewe kalale." Akaichukua ile penseli yenye alama za meno, akamaliza mwenyewe, safi, kwa mwandiko wa kuigiza. Daftari lilijaa alama za vema. Siku ya mtihani mtoto aliingia peke yake, na penseli yake tu.

"Nne," alisema Chiriku hatimaye. "Inabaki mita moja na nusu."

"Sasa nimeelewa," alisema Bibi Pasi, na alikuwa ameelewa kweli.

Jua lilipoelekea kuzama Bibi Pasi alimsindikiza hadi kwenye geti, akitembea taratibu kwa ajili ya mguu. Bibi Cherehani alisimama. Maneno ya kumpelekea mwanawe hakuwa nayo.

"Mwenzangu, zile hesabu nilikuwa namfanyia mimi."

"Najua. Aliniambia wiki ya kwanza. Alisema baba yake asijue, maana bibi alitaka tu apate usingizi."

Bibi Cherehani alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Na mimi nikwambie," Bibi Pasi aliendelea, akitazama pembeni. "Nimekuonea wivu muhula mzima. Mtoto ni Bibi Cherehani hivi, Bibi Cherehani vile. Akikosea halii. Anasema anafumua, kama wewe unavyofumua mshono mpaka ukae. Mimi hilo sikumfundisha."

Bibi Cherehani alitoa penseli mfukoni. "Mpe. Ni yake."

Wivu wake mwenyewe haukuwa umeisha. Aliusikia bado, umejikunja mahali pake. Mtoto angelala hapa leo, na kesho.

Bibi Pasi aliipokea penseli kwa mikono miwili, akazigusa zile alama za meno.

"Uje tena Alhamisi, dada. Anakuwa mchangamfu ukiwepo. Lakini tafadhali, majibu uyaache kwako."