Maji Ndani ya Waya

Alhamisi, tarehe 13 Februari 1997. Korogwe iliamka na jua kali. Upepo mkavu ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Handeni, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Vuli ya mwaka uliotangulia haikunyesha.

Saa mbili kasorobo watu wanne waliisukuma pikapu nyeupe ya Bwana Mhina hadi kwenye karakana ya Muhidini, pale Manundu. Muhidini alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa miaka hamsini na mbili, na siku hiyo alikuwa amefunga ya tatu katika zile sita za Mfunguo Mosi. Bwana Mhina alishuka na kijiti cha meno mdomoni.

"Taa zinawaka kama ukumbi wa harusi, fundi, ila gari lenyewe haliendi."

Bwana Mhina ndiye aliyepata zabuni ya kuendesha kisima cha Kwedimsasa, kijiji kimoja cha Handeni, ilipoamuliwa kwamba maji nayo yaendeshwe kibiashara. Mwezi wa Oktoba pampu ya kisima ilifunguliwa, ikasemekana imekwenda matengenezo. Mwezi wa Novemba Bwana Mhina alinunua pikapu. Watu wa Manundu waliyajua mambo yote mawili, na hakuna aliyeyatamka katika sentensi moja.

Muhidini aliwasha swichi. Taa nne za hadhari zilikuwa zimewaka: ya injini, ya breki, ya betri na ya mto wa hewa. Alichukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha matundu mawili katika kisanduku cheusi kilicho chini ya boneti, akakaa kwenye kiti na kuhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Mara moja, kituo, kisha mara nne. Hiyo ni kumi na nne. Ikafuata ishirini na mbili, kisha arobaini na moja, kisha hamsini na moja. Aliziandika zote kwenye daftari. Moja ilihusu moto wa plagi, nyingine kipimo cha joto, na mbili za mwisho zilihusu kikanyagio cha mafuta na swichi zake. Hazikuwa na undugu wowote. Kwa uzoefu wake, makosa manne yakija siku moja, huwa yana mzazi mmoja, na fundi humtafuta huyo mzazi.

Alipima betri, ikawa nzima. Alikagua fyuzi moja moja. Alikwangua kutu kwenye waya unaofungwa kwenye bodi, akaukaza upya. Taa hazikuzimika. Ndipo alipofungua soketi ya kompyuta ya gari, nyuma ya kidroo cha abiria, na maji yakamwagika juu ya magoti yake.

Aliinua kapeti. Chini yake palikuwa na utelezi wa kijani, mifupa ya kuku wa kuchoma, vifuniko vya bia na viluwiluwi wapatao thelathini. Harufu ilikuwa ya tope, samadi ya ndama na mafuta ya dizeli. Bernadina, mama ntilie wa jirani, alisogeza sufuria yake ya maharage upande wa pili wa barabara.

Muhidini alifuata mkonga wa nyaya hadi kwenye taa za nyuma, kwa sababu maji huweza kuingia pale penye ufa na kutambaa ndani ya waya. Nyuma palikuwa pakavu. Alirudi katikati, chini ya kebini ya dereva, akavua utepe na kukata waya mmoja wa kahawia, mwembamba kama unyasi. Maji yakatoka kwenye ncha, mfululizo, bila povu. Aliweka ndoo chini yake. Ikajaa. Akaweka nyingine.

"Limeingia mvua," alisema Bwana Mhina.

"Mvua gani?" aliuliza Muhidini.

Bwana Mhina alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. Alisema jinsi maji yalivyoingia ni shauri la fundi, na kwamba saa nane anatakiwa kikaoni.

Fundi alitaka kujua maji yale ni ya wapi. Angeweza kuyaonja, lakini alikuwa amefunga. Basi alimwita Naitoi.

Naitoi, mwanamke wa Kimaasai, aliuza maziwa pale Manundu. Ukoo wake ulitoka Kwedimsasa. Kisima kilipokauka waliswaga ng'ombe hadi mtoni Korogwe. Mama yake, Nasinkoi, hakuweza kutembea, akabaki kule na ndama watatu. Kila Ijumaa Naitoi alimpelekea dumu moja la maji kwa basi. Wiki mbili zilizopita basi liliharibika njiani, na dumu lilipofika, ndama wawili walikuwa wamekufa na mama alikuwa amelamba umande kwenye bati.

Naitoi alikinga kiganja, akanywa. Watu wa upande ule huyajua maji kwa ulimi, maana kila kisima kina chumvi yake.

"Ya kwetu," alisema.

"Yeyo, maji nayo yana kabila siku hizi?" alisema Bwana Mhina, akimwita mama kwa Kimaasai, akacheka peke yake.

"Pampu iko wapi, mzee?"

"Nilishawaambia. Iko matengenezo."

Naitoi aliitazama pikapu kuanzia taa za mbele hadi bamba la nyuma.

Adhuhuri iliadhiniwa. Bwana Mhina alimwambia Muhidini atawadhe hapohapo, maji si hayo yanamwagika bure. Muhidini alifuta mikono kwa tambara.

"Siwezi kutawadhia maji ya watu," alisema, akaenda kutawadha kwenye bomba la msikiti.

Alisali, akaomba dua ndefu kuliko kawaida kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye hakupata kumwona. Aliporudi alikausha soketi zote kwa petroli na kitambaa. Taa zikazimika. Baada ya dakika kumi maji yakajaa tena, na namba zikarudi zilezile, kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo alifanya lililobaki. Alizikusanya nyaya pale zinapolala chini kabisa, akaziingiza kwenye kipande cha bomba, akafunga koki ya shaba. Koki ikifunguliwa, maji hutoka na taa huzimika moja baada ya nyingine. Ikifungwa, zinawaka. Alimweleza mwenye gari kwamba hitilafu haiponi, ila itakaa hivyo maadamu maji yanapata pa kutokea.

Bwana Mhina alichuchumaa. Alifungua koki, akaifunga, akaifungua tena. Alihesabu ndoo zilizojaa: kumi na moja. Alimruhusu Naitoi ajaze dumu lake, akasema leo ni sadaka. Halafu alinawa mikono kwa maji yale, akasukutua, akatema karibu na miguu ya Naitoi, akajifuta mdomo kwa leso nyeupe.

Watu walikuwa wamekusanyika, kama ishirini hivi. Bwana Mhina alipanda nyuma ya pikapu na kusimama wima, kama alivyosimama siku alipopewa zabuni. Maji yaliendelea kutiririka chini yake. Alimwita Naitoi asogee mbele, na Bernadina, na fundi, ili wawe mashahidi. Muhidini alikuja akiwa na spana mkononi, akatazama chini.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema Bwana Mhina. "Mbele yenu nyote, na mbele ya Mwenyezi Mungu, naahidi: kuanzia Jumatatu gari hili litakwenda Kwedimsasa kila wiki, na maji watayapata mlangoni kwao. Ndoo kwa bei ya mjini. Na yule mama yako, Yeyo, nitampunguzia."