Marehemu Aliyeshindana na Treni
Watu wa kusini walichoka kuambiwa na wa kaskazini kwamba kwao hakujawahi kutokea kitu. Wakaunda kamati, wakapaka chokaa stesheni ya zamani, iliyobaki na popo tangu reli ing'olewe, na kutundika ukutani picha za watu wao mashuhuri. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama aliyewapokea duniani nusu ya wajumbe wenzake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia. Sharti lake lilikuwa moja: ukuta ni wa marehemu tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema, na marehemu hana tembo la kutia maji.

Habari hizo zilimfikia fundi baiskeli huko kaskazini, alikohamia kwa binti yake bila kutuma tena salamu kwao kusini. Dereva wa lori ndiye aliyemletea.

"Kwenu wanazindua picha za wazee. Yumo hata yule fundi aliyeshindana na treni, Mungu amrehemu."

Fundi alikuwa anaziba pancha. Mpira ukamponyoka. Akaapa kwenda kuwasuta hadharani.

Siku ya uzinduzi alifika amevaa koti la mkwewe na kofia ya pama, amefura kwa hasira. Kisha akaiona picha yake. Ilikuwa katikati, kubwa kuliko ya chifu, kubwa kuliko ya mwalimu aliyejenga shule ya kwanza. Alikuwa kijana mle ndani, nywele tele, ameegemea baiskeli. Chini waliandika: "Shujaa wetu. Alishindana na treni kutoka stesheni hadi darajani, akaishinda." Shujaa! Alipokuwa hai kwao walimwita Mbishi, tena mbele ya wateja. Hasira zikamyeyuka. Akajiambia hakuna haraka ya kufufuka, akatafuta benchi la nyuma na kushusha kofia.

Alifaidi kwelikweli. Mpishi wa shule alisimama akalia kwamba marehemu alikuwa mpole, na fundi akaitikia kwa kichwa, ingawa aliwahi kumfukuza mama huyohuyo gerejini kwake kwa spana.

"Ulimfahamu marehemu?" jirani yake wa benchi alimnong'oneza.

"Kidogo. Alikuwa mtu wa watu."

Ndipo mkunga akamwita Kinyozi, na fundi akazidi kushusha kofia. Huyo alikuwa rafiki yake tangu utotoni, gereji na kibanda cha kunyolea vikitazamana. Kilichowatenganisha ni treni ileile. Kinyozi alikuwa amesimama darajani siku ya mashindano, akashikilia kwamba treni ilipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi relini. Walirushiana maneno hadi salamu zikakatika, na fundi alipofungasha virago hakumuaga. Jambo hilo lilimuuma miaka yote, ila hakumwambia mtu.

Mkunga alimshika Kinyozi mkono hadi mbele. Kinyozi alikuwa amezeeka.

"Marehemu alikuwa ndugu yangu," alianza. "Tangu aondoke sina wa kubishana naye. Wanaokuja kunyolewa na mwanangu wote wananikubalia. Hata chakula hakishuki."

Watu wakacheka. Fundi akajifuta jicho kwa ukingo wa kofia.

"Lakini ukweli usemwe. Treni ilipunguza mwendo. Kulikuwa na mbuzi."

Fundi akauma mdomo. Akaitazama picha, akalitazama lile neno Shujaa. Angenyamaza kidogo tu, angebaki pale juu siku zote.

"Mbuzi watatu," Kinyozi aliongeza, "na mmoja alikuwa amelala kabisa."

"Mbuzi gani!" Fundi alikuwa ameshapanda juu ya benchi, kofia iko chini. "Hapakuwa na mbuzi, mwongo mkubwa wewe!"

Jirani yake akaruka dirishani. Mpishi wa shule akapiga yowe. Mkunga peke yake hakushtuka, maana alishaona wengi wakiingia duniani kwa kelele. Aliitungua picha, akaja kumkabidhi.

"Chukua, mwanangu. Utairudisha ukiwa tayari."

Fundi aliipokea bila kuitazama, akamwendea Kinyozi kidole juu. "Uliniona pale nyuma, ndiyo maana ukanichokoza!"

"Nikuone kwa macho gani?" Macho ya Kinyozi yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho, yakitafuta sauti ilikotoka. "Kila aliyeniambia umekufa nilimjibu hivyohivyo, mbuzi walikuwepo, kisha nikatega sikio. Nilijua ukiwa hai popote, hilo huwezi kulinyamazia. Watu wakasema nimerukwa na akili."

Mkono wake ukapapasa hewani, ukalipata lile koti la mkwe, ukalikamata.

Fundi akaiweka picha sakafuni, akamkumbatia rafiki yake, akalia mbele ya kamati nzima bila kuona haya.

"Hawakuwepo," alisema alipoweza.

"Walikuwepo," Kinyozi akajibu, na koti hakuliachia.