Kura Dhidi ya Mama Pasi

Shangazi yangu ana kichwa kigumu, acheni niseme. Wenzake aliofungwa nao enzi za kupigania uhuru leo wana ofisi zenye mazulia. Yeye bado ananyoosha mashuka ya hospitali, na pale chumba cha kufulia kila mtu anamwita Mama Pasi. Chama chetu kidogo, cha sisi wavuja jasho, kilimteua agombee ubunge. Safari hii tungeshinda. Hata wapinzani wetu walikuwa wanajua.

Kumbe waziri mmoja, rafiki yake wa gerezani, alimwita nyumbani, naye akaenda peke yake. Wakanywa chai, wakakumbushana waliokufa, basi. Hakupewa kitu, hakuahidi kitu, hakuna aliyemwona. Lakini kanuni yetu iko wazi: anayekutana na wakubwa wa serikali bila mwenzake wa chama, hagombei. Na aliyeiandika ni yeye mwenyewe, baada ya kuona viongozi wa vyama vingine wakinunuliwa sebuleni.

Saa ya chakula cha mchana tukakaa kikao katikati ya marundo ya mashuka. Akasimama, akajishtaki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mpishi akasema yaishe, tumsamehe. Fundi wa mashine akasema uchaguzi ndio huo umefika, tusijitie kitanzi. Mimi, katibu, nilimwambia kwa hasira kwamba angenyamaza tu.

"Nikinyamaza mimi, kesho atanyamaza mwenye la kuficha," akasema. "Pigeni kura."

Kumi na mmoja wakataka aenguliwe, kumi na mmoja abaki. Macho yote yakanigeukia, maana kura zikilingana katibu ndiye anayeamua. Jamani! Mwanamke huyu alinilea, akanisomesha kwa mshahara wa kupiga pasi. Miezi mitano nimempigia debe nyumba kwa nyumba, mpaka viatu vikaisha soli. Ninampenda kupita kiasi, na saa ile nilimchukia pia.

Nikainua mkono aenguliwe, huku machozi yananitoka.

Shangazi akaja akanishika bega. Macho yamemlowa, naye anacheka.

"Wenzangu kule juu serikalini hawana hata mmoja wa kuwainulia mkono hivi," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Kisha akatuuliza tunamsimamisha nani, maana muda wa chakula ulikuwa unakwisha.